Rangi Nzuri, Grafu Mbaya

Mwaka wa mwisho nilichora ramani ya mvua ya Tanzania kwa ajili ya projekti yangu. Nikaipaka rangi za upinde wa mvua: bluu, kijani, njano, nyekundu. Kwenye laptopu ilikuwa bomba. Stesheneri, printi ya rangi bei mbaya, nikatoa nyeusi na nyeupe. Msimamizi wangu akaitazama, akauliza: "Sasa kijana, mvua nyingi iko wapi hapa?" Nikakodoa macho. Penye mvua kidogo na penye mvua nyingi pote palikuwa kijivu kilekile. Nikarudishwa.

Kumbe jicho hutambua kubwa na dogo kwa giza na mwanga kuliko kwa jina la rangi. Mpangilio nilioutumia, unaoitwa jet, huanza na giza, hung'aa katikati, kisha hurudi gizani. Tena ile njano huonyesha mpaka ambao kwenye data haupo.

Basi jiulize kwanza: data yangu ni ya aina gani?

Kama ni kipimo kinachopanda taratibu, mfano mvua au joto, tumia rangi zinazotoka gizani kwenda mwangani bila kurudi nyuma. Viridis hufanya hivyo: zambarau iliyokolea, kijani, hadi njano. Matplotlib iliifanya chaguo lake la kawaida kuanzia toleo la 2.0, mwaka 2017. Hata asiyetofautisha nyekundu na kijani anaisoma.

Kama ni makundi yasiyo na mkubwa wala mdogo, mfano aina za udongo, chagua rangi tofauti kabisa zenye mng'ao unaokaribiana, na ziwe chache.

Katikati kuna njia ya kukata kipimo vipande, tuseme kila milimita 200. Msomaji analinganisha rangi na ufunguo haraka. Ila kuna gharama: milimita 399 na 401 zitaonekana mbali, wakati 201 na 399 zitaonekana sawa. Kwa hiyo kata mahali penye maana, si popote tu.

Mimi nilichora upya kwa viridis, nikaprinti kwa nyeusi na nyeupe vilevile. Safari hii msimamizi hakuuliza mvua iko wapi. Aliuliza kwa nini iko pale. Hilo ndilo swali nililokuwa nimejiandaa kulijibu. Nawe, kabla ya kukusanya kazi, igeuze grafu yako kuwa kijivu kwanza uone kama bado inasomeka.