Dira, Kivuli na Sufuria ya Maharage Mlimani

Wanafunzi wanaojiandaa kwenda kupiga kambi aghalabu huhesabu mahema, mablanketi na kilo za unga, kisha hudhani kwamba matayarisho yamekamilika. Kumbe safari ya mlimani ni somo la jiografia, fizikia na kemia kwa pamoja. Natuchukue mfano wa njia ya Marangu katika Mlima Kilimanjaro.

Hebu tuanze na muda. Mnamo mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo kwa vipimo vya metriki husema hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka lango la Marangu, lililo takriban mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, hadi vibanda vya Mandara kwenye mita 2,700, ni karibu kilomita 8. Umbali wataka saa 1.6 na mwinuko saa 1.4, jumla ni saa 3. Lakini kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, hivyo kiongozi mwenye busara hutenga saa 4 au 5. Hesabu hiyo ifanywe darasani juu ya ramani ya skeli ya 1:50,000, ambamo sentimita 2 ni kilomita moja. Mwanafunzi apimaye umbali kwa rula na kuzisahau kontua atakutwa na giza njiani, na huku kwetu karibu na Ikweta giza huingia upesi.

Kuhusu mwelekeo, tahadhari inahitajika, kwani vitabu vingi vya ukambi viliandikwa Ulaya. Humo msomaji hufundishwa kutafuta kusini kwa kuuelekeza mshale wa saa kwenye jua. Hila hiyo haitufai. Mjini Moshi, ulio kama nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na miezi iliyosalia huwa kusini. Tena hupita karibu na utosi. Afadhali kijiti. Kisimike wima, tia alama kwenye ncha ya kivuli, ngoja nusu saa, utie alama ya pili. Mstari utokao alama ya kwanza kwenda ya pili huelekea mashariki, na usahihi wake huwa mkubwa zaidi karibu na saa sita mchana. Usiku, zile nyota tatu za mkanda wa Orioni huchomoza karibu mashariki kamili. Mawingu yakitanda, hakuna badala ya dira.

Sasa tuingie jikoni, ambako hatari huonekana kidogo kuliko ilivyo. Kadiri tupandavyo, kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka katika joto dogo zaidi: takriban nyuzi moja ya Sentigredi hupungua kwa kila mita 300. Mandara maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Horombo, mita 3,720, kwenye nyuzi 88 hivi. Ugali hausumbuki, kwa kuwa wanga wa mahindi huvimba na kushikana kati ya nyuzi 62 na 72. Maharage ni habari nyingine. Maharage mekundu mabichi yana lektini, protini yenye sumu, ambayo huharibiwa yakichemka kwa nguvu kwenye nyuzi 100 kwa dakika zisizopungua 10. Yakipata joto la nyuzi 80 tu yaweza kudhuru kuliko hata mabichi. Punje nne au tano zatosha kumtapisha na kumwendesha mtu katika muda wa saa chache, na kijana anayepoteza maji mwilini huko juu, mbali na zahanati, yumo hatarini kweli. Kuongeza kuni hakusaidii: maji yanayochemka hayapandi joto. Basi maharage yalowekwe kwa saa 5 au zaidi, maji ya kulowekea yamwagwe, nayo yapikwe yaive kabisa huko bondeni kabla ya safari. Au itumike sufuria ya presha, ambayo huyapandisha maji kupita nyuzi 100 hata mlimani. Maji ya kunywa yachemke kwa dakika 3 kamili mahali palipozidi mita 2,000. Na jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata kwa baridi kali, kwani hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, nayo huua watu wangali usingizini.

Walimu wasio na mlima karibu wanaweza kuanza na kipimajoto cha maabara. Dar es Salaam maji yatachemka kwenye nyuzi 100. Mbeya, iliyo kama mita 1,700 juu ya bahari, kwenye 94 hivi. Wasafiri wa karne ya 19 walioingia bara walikadiria vimo kwa njia hiyo hiyo. Shule yenu i kimo gani?