Kukodi gari na shofere kule Zanzibar: mapatano ni kabla ya kupanda

Wafanyabiashara wengi wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia wanaijua njia ya Dar es Salaam. Wanaenda kununua bidhaa, kiisha wanangoja mizigo ipakiwe. Katika siku hizo za kungoja, wengine wanavuka bahari kwenda Unguja, kisiwa kikubwa cha Zanzibar, ili nao waone kile ambacho wazungu wanakitafuta kutoka mbali. Boti za mwendo kasi zinatumia karibu saa mbili. Msafiri anashuka kwenye bandari ya Malindi, anaonyesha pasipoti kwa watu wa uhamiaji wa Zanzibar hata kama anatoka Dar es Salaam, na mara tu anapotoka nje ya lango, anasikia: “Karibu mama, gari ipo! Nungwi? Paje? Kizimkazi?”

Ni hapo kwenye lango ambapo pesa nyingi inapotea ama inaokolewa. Kukodi gari pamoja na shofere wake kwa siku nzima si jambo baya. Kwa familia ya watu wanne au watano inaweza hata kuwa njia nzuri kuliko zote. Lakini ule anayekodi anapashwa kuelewa anachonunua. Hanunui gari, ananunua saa za mtu. Kila kitu ambacho hakikusemwa kabla ya kupanda, kitalipwa njiani.

Kisiwa ni kidogo, lakini siku ni fupi

Unguja ina urefu wa karibu kilomita 85. Kwa mtu aliyezoea barabara ya Bukavu kwenda Uvira, hiyo inaonekana kidogo sana. Barabara kubwa za kisiwa zina lami. Hata hivyo, kutoka mjini hadi Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini, ni karibu kilomita 60, na gari inatumia zaidi ya saa moja. Msitu wa Jozani, mahali wanapokaa kima punju, nyani mwekundu ambaye kwa asili anapatikana Zanzibar peke yake, uko karibu kilomita 35 upande wa kusini-mashariki. Paje na Jambiani ziko pwani ya mashariki, mbele ya Jozani. Kizimkazi, kijiji chenye msikiti wa zamani ulio na maandishi ya mwaka 1107, kiko kusini kabisa.

Kwa hiyo mtu anayeahidiwa Nungwi na Kizimkazi kwa siku moja ameuziwa siku ya kukaa ndani ya gari. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, mwaka mzima. Mpango mzuri unachukua upande mmoja tu: kaskazini pamoja na mashamba ya karafuu, mdalasini na vanila ya Kizimbani ao Kidichi, ama kusini, yaani Jozani kwanza, kiisha Paje au Kizimkazi.

Na kama mtu anataka kwenda ufukwe mmoja tu na kurudi, hana lazima ya kukodi gari. Daladala zipo, kama ile ya namba 116 inayokwenda Nungwi. Watu wanabanana na inasimama kila mara, lakini nauli yake ni ndogo sana. Kujua kwamba daladala ipo kunamsaidia mtu pia wakati wa kupatana: anayejua njia nyingine hababaishwi.

Nani anakula kwenye bei

Wazee wa Unguja wana jina kwa vijana wanaozunguka bandarini na mjini wakitafutia wageni magari, hoteli na safari. Wanawaita papasi, yaani wale wadudu wanaong'ang'ania ngozi ya mnyama. Jina ni kali, na si kila kijana ni mbaya. Lakini linaonyesha kazi ilivyo: mtu anashikilia mgeni mpaka apate sehemu yake.

Tuseme mgeni amelipa shilingi 150,000 kwa siku. Ikiwa amepita kwa kijana wa bandarini ama kwa mapokezi ya hoteli, sehemu moja inabaki kwa huyo aliyemleta. Kinachobaki kinanunua mafuta. Kiisha kuna “hesabu”, kwa sababu mashofere wengi hawana gari yao wenyewe. Jioni wanampelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa, sawasawa na motari wa Goma anayempelekea bosi wake pesa ya siku. Mafuta hayapungui na hesabu haipungui. Kinachopungua ni kile cha shofere.

Ni kwa sababu hiyo kubana bei mpaka mwisho hakumsaidii mgeni sana. Shofere aliyekubali bei isiyomwachia kitu atatafuta chakula chake mahali pengine. Atasimamisha gari kwenye duka la vinyago ambalo hakuna mtu aliyeliomba. Atachagua shamba la viungo na mgahawa unaompa komisheni kwa kila mgeni. Ama ataanza kuangalia saa tangu saa nane mchana. Mgeni anafikiri ameshinda elfu ishirini, kumbe anairudisha kwenye sahani ya samaki.

Njia ya kutoka humo ni mbili. Ya kwanza, kupatana na shofere mwenyewe, bila mtu wa katikati. Ya pili, kumwachia faida yake na kusema wazi: “Ndugu, hii bei nimekubali, lakini hatusimame kwenye duka lolote mpaka mimi niombe.” Shofere anayejua kazi hakasiriki kwa neno hilo. Wengi wanalifurahia, kwa sababu siku inakuwa nyepesi kwao pia.

Kiswahili ni mali, lakini kina mitego

Mtalii wa Ulaya anapashwa kupita kwa mtu anayejua Kiingereza. Mkongomani wa mashariki anaongea moja kwa moja. Hiyo ni pesa mkononi. Lakini Kiswahili cha kwetu na cha Unguja havipimi vitu kwa namna moja.

Mtego wa kwanza ni hesabu ya pesa. Kwetu wengi wanahesabu noti kubwa kwa Kifaransa, na bei nyingi zinatajwa kwa dola. Kule, shofere atasema “laki na nusu”. Laki ni elfu mia moja, kwa hiyo laki na nusu ni 150,000. Akisema “themanini”, anamaanisha elfu themanini. Asiyeelewa asione haya kuuliza. Ni vizuri kuandika namba kwenye telefone na kumwonyesha, pamoja na neno “shilingi”. Mwaka 2025 Tanzania ilitoa kanuni inayokataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa kwa pesa za kigeni, basi kupatana kwa shilingi ni salama kwa wote wawili. Anayebeba dola avunje mapema benki ama kwenye duka la kubadili pesa, si ndani ya gari.

Mtego wa pili ni saa. Zanzibar iko mbele ya Goma, Bukavu na Lubumbashi kwa saa moja. Saa moja asubuhi ya Bukavu ni saa mbili asubuhi ya Zanzibar. Zaidi ya hayo, mashofere wanaofanya kazi na wageni wamezoea kuandika saa za kizungu katika ujumbe. Mtu akiandikiwa “tuonane saa 8”, anaweza kusubiri mpaka saa nane mchana wakati gari ilikuwa mlangoni saa mbili asubuhi. Inafaa kuandika yote mawili: “saa mbili asubuhi, 8:00”.

Karatasi za gari

Kuna wanaosema: mimi ni shofere tangu miaka kumi, nitakodi gari niendeshe mwenyewe. Lakini Tanzania wanaendesha upande wa kushoto, Kongo tunaendesha kulia. Magari mengi ya kwetu yana usukani upande wa kulia, na hiyo inadanganya: mikono inaona usukani ule ule, macho yanasahau kwamba barabara imegeuka, na hatari inakuja kwenye mzunguko ama wakati wa kupita gari jingine. Tena polisi wana vizuizi vingi kwenye barabara za kisiwa, na wageni wengi wanadaiwa kibali cha kuendesha cha Zanzibar.

Vizuizi hivyo vinamgusa pia anayekodi gari na shofere. Gari isiyo na ruhusa ya kubeba abiria wa kukodi inaweza kusimamishwa, na saa zinazopotea pale ni za mteja. Anayechukua shofere barabarani aombe kuona leseni na karatasi za gari, aangalie matairi na mikanda, kiisha achukue picha ya namba ya gari na kuituma kwa ndugu aliyebaki hotelini. Hakuna ubaya ndani yake. Mama anayesafiri peke yake ama na watoto asiruke hatua hiyo hata kidogo.

Bahari ndiyo inapanga saa

Kazi ya shofere wa kisiwani si kushika usukani tu. Kwenye pwani ya mashariki, kama Paje, Jambiani na Chwaka, maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na yanapokupwa yanaenda mbali sana. Anayefika saa mbaya anakuta mchanga, mwani na akina mama wanaolima mwani huo, lakini maji ya kuogelea hakuna. Mtu wa ziwa Kivu ama Tanganyika hakuzoea jambo hilo, kwani ziwa letu halitembei namna hiyo. Nungwi na Kendwa, kaskazini, hazisumbuliwi sana na kupwa.

Swali moja linatosha kumpima shofere: “Kesho maji yatajaa saa ngapi?” Mwenyeji anayejua kazi atajibu papo hapo, na ataweza kugeuza mpango: Jozani asubuhi, bahari mchana, ama kinyume chake. Anayejibu “twende tu” hafai kupewa siku nzima.

Kuna saa nyingine za kuheshimu. Siku ya Ijumaa shofere Mwislamu ataomba nafasi ya sala ya mchana. Apewe bila manung'uniko, na ipangwe kwenye safari tangu mwanzo. Wakati wa Ramadhani migahawa mingi ya wenyeji inafungwa mchana, na si adabu kula ama kuvuta sigara mbele ya watu. Vijijini na mjini, nguo za ufukweni zibaki ufukweni.

Mahali ambapo gari haingii

Mji Mkongwe, uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, una vichochoro ambavyo gari haipiti. Watu wanatembea kwa miguu. Kulipa gari ya siku nzima ili ingoje pembeni wakati mtu anazunguka vichochoro ni kutupa pesa bule. Siku ya mji iwe ya miguu, siku ya mashamba na bahari iwe ya gari.

Na mtu wa mashariki ya Kongo asipite mji huo haraka. Nyumba ya Tippu Tip bado iko pale Shangani. Ni yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala Kasongo na Maniema, na mwaka 1887 akafanywa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Alikufa Zanzibar mwaka 1905. Mbali kidogo na hapo kuna kanisa kuu la Anglikana, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kwa mgeni wa Ulaya hiyo ni historia ya watu wengine. Kwa mtu wa Kasongo, Kindu ama Uvira, ni njia ambayo babu zake walipitishwa, na ni njia hiyo hiyo iliyoleta Kiswahili anachotumia kupatana bei ya gari.

Mambo ya kumaliza kabla mlango haujafungwa

Mapatano mazuri yanachukua dakika tano. Maneno haya yasemwe, kiisha yaandikwe kwenye ujumbe kwa shofere ili kila mmoja abaki na ushahidi:

Bei ni ya gari nzima ama ya kila mtu?

Mafuta na maegesho yamo ndani ya bei?

Kiingilio cha Jozani, shamba la viungo na boti, nani analipa? Mara nyingi ni mgeni, na kila mtu analipa chake.

Tunaondoka saa ngapi, tunarudi saa ngapi, na saa ikizidi inaongezwa shilingi ngapi?

Tunasimama wapi, na wapi hatusimami?

Chakula cha shofere mchana kiko kwa nani?

Kuhusu malipo, isitolewe pesa yote asubuhi. Wengi wanatoa sehemu ya mafuta wakati wa kuondoka, na iliyobaki jioni wakiisha kufika. Shofere aliyeshika neno lake, akaendesha polepole na kuwangoja watoto watoke majini, anastahili kitu juu ya bei, hata kidogo. Namba yake ihifadhiwe. Safari ijayo, ule anayetoka bandarini akiwa na shofere wake anayemngoja hatashikwa na papasi yeyote.