Mwenye Mwili Usiopatana na Dawa, na Sindano ya Pepopunda

Mama aliyepata kuvimba midomo na kutoka vipele mwili mzima kwa ajili ya vidonge vya Septrini, hatuwezi kumcheka akisitasita mbele ya sindano. Ameonja, na ameogopa. Lakini hebu tuulize: sindano anayoikataa siku ya kliniki ya wajawazito ina nini ndani yake? Je, mna Septrini mle? Hamna hata chembe. Wala penisilini hamna, wala yai.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Songea, maana sisi ni watu wa jembe na panga, na vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu, au kupakwa majivu na mavi ya ng'ombe, hunyonya vizuri siku mbili za kwanza. Kisha kuanzia siku ya tatu au baadaye kinywa hukaza, mwili hukakamaa, na asipopata matibabu ya hospitali, mara nyingi hufa. Kinga yake yatoka kwa mama, tangu tumboni. Ndiyo maana mama asiyekuwa na chanjo hudungwa sindano ya kwanza, ya pili baada ya majuma manne, ya tatu baada ya miezi sita, kisha ya nne na ya tano, kila moja baada ya mwaka mmoja. Hizo za nyuma ndizo za kuongeza nguvu, na ndizo zinazoachwa njiani.

Sasa, hofu hii ya wazee juu ya sindano ya pepopunda haikuzuka bure. Mwaka 1890 huko Berlin, Emil von Behring na Mjapani Kitasato walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekingwa yaweza kumkinga mwingine. Basi farasi wakafugwa kwa kazi hiyo, na kwa miaka mingi mtu mwenye jeraha chafu alidungwa maji ya damu ya farasi. Yaliokoa wengi, lakini miili mingine haikupatana na farasi, ikatoa homa, vipele na maumivu ya viungo. Daktari mmoja wa Vienna, Clemens von Pirquet, alichunguza sana wagonjwa wa namna hiyo, na mwaka 1906 akatunga neno ambalo sisi twalitamka aleji, na wataalamu wetu huita mzio. Kumbe neno lenyewe lina uhusiano na sindano hizo za farasi! Chanjo wanayopewa wajawazito ni kitu kingine kabisa: ni sumu ya kijidudu iliyokwisha kuvunjwa makali, pamoja na chumvi kidogo ya alumini. Farasi hana sehemu mle.

Mama yule wa Septrini ana hatari nyingine, nayo haimo katika bomba la sindano. Imo katika vidonge. Siku ile ile ya kliniki wajawazito hupewa SP, vidonge vya kuwakinga na malaria, navyo ni ndugu wa Septrini, vyote viwili vina salfa. Basi anayekataa sindano na kumeza SP kimya kimya amekimbia panya na kukumbatia chui. Aseme mapema: "Sista, mimi salfa hainipati." Vidonge vitaachwa, aongozwe namna nyingine ya kujikinga na malaria, na sindano atapewa.

Si kila udhia ni mzio. Mkono kuuma, homa ya siku moja, hata kuzimia kwa kuogopa sindano, hayo si mzio. Mzio wa hatari huja upesi, aghalabu katika dakika chache: vipele vya kuwasha, midomo na ulimi kuvimba, kifua kubana, sauti kukwama, mapigo ya moyo kwenda mbio. Kwa chanjo nyingi jambo hili hutokea kama mara moja katika sindano milioni moja. Lakini aliyewahi kupatwa hivyo na chanjo fulani asirudie ile ile bila daktari kumwona.

Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Korona. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu tarehe 28 Julai 2021, kwa chanjo ya Janssen. Baadaye zikaja Sinopharm, Pfizer na Moderna. Kwa wengi zilikuwa sawa tu, lakini kwa mwenye mzio zilitofautiana. Pfizer na Moderna zilikuwa na kitu kiitwacho makrogoli, kinachotiwa pia katika dawa fulani za kulainisha choo. Janssen ilikuwa na polisobeti, jamaa yake. Sinopharm haikuwa na hata kimoja. Hapo kuchagua kulikuwa na maana, nako kulihitaji kujua mtu alidhuriwa na kitu gani, siyo kusema tu "nina aleji."

Na yai je? Chanjo ya surua haimdhuru mtoto asiyepatana na mayai, apewe. Ya homa ya manjano ndiyo ya kuangaliwa, kwani hukuzwa ndani ya yai. Msafiri wa namna hiyo amwone daktari, aweza kuandikiwa cheti cha kusamehewa. Tena tangu Julai 2016 sindano moja ya homa ya manjano yakubaliwa kwa maisha yote, hivyo mwenye cheti cha zamani asilazimishwe kurudia.

Wewe unayekwenda kliniki, iwe Peramiho au zahanati ya kijijini, mwambie mwuguzi kabla hajavuta dawa: jina la kilichokudhuru, baada ya muda gani, ulivimba wapi, ulipewa nini. Kama jina hulijui, chukua karatasi au kopo la dawa ile. Omba iandikwe juu ya kadi kwa wino. Kumeza Piritoni nyumbani si ngao, maana haizuii mzio mkubwa. Dawa ya mzio huo ni adrenalini, nayo hudungwa pajani. Uliza kama ipo. Ukisha kudungwa keti kivulini nusu saa, hata kama mahindi yanakungoja shambani, na usiende peke yako.