Nyapara Katenguliwa, Bibi Karudi Jikoni

Msomaji mmoja wa Mwanza, mama wa watoto wawili wenye selimundu, ameniuliza maswali mawili katika ujumbe mmoja wa simu. La kwanza: ni kweli Marekani wamepata dawa ya kuikarabati damu ya watoto kama wake? La pili ndilo lililoninyima usingizi: mtoto akishatibiwa, wajukuu je?

Dawa ipo, ila haikarabati kitu. Inaitwa Casgevy. Uingereza iliiidhinisha tarehe 16 Novemba 2023, Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Ni tiba ya kwanza duniani kuidhinishwa inayotumia CRISPR, ule mkasi wa kukatia vinasaba uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2020. Jeni ni nini na DNA imesokotwaje, sielezi. Muulize kijana wa kidato cha nne hapo nyumbani. Mimi nina haraka ya kufika jikoni.

Mtoto akiwa tumboni, himoglobini yake hupikwa na mpishi mmoja mzee, tumwite bibi. Chakula cha bibi kina sifa yake: kinajua kuvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Mtoto akizaliwa, bibi hustaafishwa polepole ndani ya miezi michache, na mpishi kijana hukabidhiwa jiko. Kwa mwenye selimundu, kijana huyu alirithi maelekezo yaliyokosewa herufi moja tu, A ikaandikwa T. Kwa kosa hilo, oksijeni ikipungua, himoglobini yake hugandana na kuwa vijiti virefu, chembe nyekundu ikapinda kama mundu na kuziba vijishipa. Maumivu yanayofuata mama wa Mwanza anayajua bila mimi kuyaandika.

Mwaka 1948, daktari wa watoto huko New York, Janet Watson, aligundua kwamba damu ya vichanga wenye ugonjwa huu ni nadra kupinda. Kwa nini? Kwa sababu chakula cha bibi bado kilikuwa kimejaa mishipani, na chenyewe hakishiriki katika kule kugandana. Baadaye ikaonekana kwamba mashariki mwa Saudi Arabia wapo watu wazima wenye selimundu wasioumwa sana, na damu yao ina himoglobini nyingi ya kitoto. Kwao bibi hakuwahi kuondoka kabisa.

Basi swali likawa: nani aliyemfungia bibi? Jibu lilipatikana Boston mwaka 2008, katika maabara ya Stuart Orkin, pamoja na mwanafunzi wake Vijay Sankaran. Ni jeni iitwayo BCL11A, iliyoko kwenye kromosomu ya 2. Mimi namwita nyapara. Kazi yake ni kusimama mlangoni pa jiko la bibi na kufuli mkononi. Kumbuka, bibi hajafa. Maelekezo yake yako mazima ndani yako wewe unayesoma, hata kama una miaka sabini. Kafungiwa mlango tu.

Ungedhani dawa ni kummaliza nyapara. Lakini anahitajika kwingine: ana kazi kwenye ubongo unaokua, ana kazi kwenye seli za kinga. Hapa ndipo nilipopiga makofi peke yangu mezani. Nyapara huyu ana barua tofauti ya uteuzi kwa kila kituo, na ile ya kiwanda cha chembe nyekundu ni kipande kifupi cha DNA kisichosomwa mahali pengine popote. Mkasi hutumwa na anwani ya herufi 20, unakitafuta kipande hicho, unakata. Seli hukimbilia kuunga, na katika haraka yake huharibu herufi. Barua haisomeki tena. Kwenye kiwanda hicho, ndani ya uloto, nyapara hana mamlaka, ilhali kule kwenye ubongo anaendelea kusaini mafaili kama kawaida. Bibi anatoka na kuwasha jiko. Kijana naye yupo palepale na maelekezo yake mabovu, hakuna aliyemgusa, ila chakula chake sasa kimechanganyika na cha bibi na hakigandani kama zamani.

Ndiyo maana nina ugomvi na maneno. Magazeti yetu huandika "uhandisi jeni", mengine "uhariri wa jeni". Nimeishi na wahariri maisha yangu yote ya kazi. Mhariri akiona herufi imekosewa huirekebisha. Hapa herufi iliyokosewa imeachwa ilivyo! Kiswahili kina neno ambalo kila msikilizaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku analijua: kutengua. Fulani ametenguliwa uteuzi wake. Napendekeza tuseme "utenguzi wa jeni", na BAKITA wakilikataa nitaendelea nalo humu kwenye ukurasa wangu.

Matokeo yanatia moyo. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walipitisha miezi 12 au zaidi mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Yapo ya kuvumilia, kama dawa kali za kusafisha uloto wa zamani ili kupisha seli zilizokatwa, ambazo zinaweza kuondoa uwezo wa kuzaa, na hofu ya mkasi kukata pasipotakiwa. Tuendelee.

Kinachonikera ni bei. Marekani tiba hii ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, zidisha mwenyewe. Na elimu ya ugonjwa huu haikuanzia Boston. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki akakuta wabebaji, yaani wenye jeni moja tu ya mundu, wamejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria, na ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba mbebaji hukingwa dhidi ya malaria. Mikono iliyochomwa sindano ilikuwa yetu. Sioni kwa nini leo tuwe wateja wa mwisho kwenye foleni.

Sasa wajukuu. Casgevy hugusa uloto tu. Mayai na mbegu za kiume haizigusi. Mtoto aliyetibiwa bado atampa kila mwanawe jeni moja ya mundu. Akioa au kuolewa na asiye na jeni hiyo, wajukuu watakuwa wabebaji, si wagonjwa. Akimpata mbebaji, kila mimba ni nusu kwa nusu. Kukata kwenye kiinitete kulijaribiwa China kwa jeni nyingine: mwanasayansi He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa pacha wa jaribio hilo Novemba 2018, na mwishoni mwa 2019 akahukumiwa miaka mitatu jela. Mlango huo uendelee kufungwa. Wachumba wanaopima damu kabla ya mahari hawahitaji mkasi wa mtu.

Mama, bibi anaweza pia kuamshwa kwa kidonge. Haidroksiurea humezwa kila siku na huongeza himoglobini ileile ya kitoto. Katika utafiti wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda uliochapishwa mwaka 2019, watoto walioitumia walipungukiwa na mashambulio ya maumivu, na malaria, na vifo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kwa hiyo siku ya kliniki, kabla hujaulizia mkasi wa Marekani, waulize kama wanao wote wawili wanafaa kuanzishiwa haidroksiurea, na wakikwambia hapana, waombe wakueleze sababu.