Kugeuza faili la bechi kuwa programu

Faili la bechi ni orodha ya amri iliyoandikwa kwa herufi za kawaida na kupewa jina linaloishia na .bat au .cmd. Lilikuja na DOS ya mwaka 1981, pamoja na kompyuta ya kwanza ya IBM PC, na mafundi wa Windows bado wanalitumia kutengeneza nakala rudufu usiku, kufuta faili za muda au kusakinisha programu katika kompyuta zote za ofisi. Prosesa haiwezi kuliendesha faili hilo moja kwa moja. Lazima iwepo programu nyingine ya kulisoma, COMMAND.COM enzi za DOS na cmd.exe katika Windows za ukoo wa NT, ambayo husoma mstari, huutekeleza, kisha hulirudia faili kuchukua mstari unaofuata. Anayelihariri faili wakati linaendelea kufanya kazi huona vituko, kwa sababu cmd.exe hukumbuka tu ilipoishia kwa hesabu ya baiti, na herufi zikiongezwa au kupunguzwa juu ya hapo huweza kuanza kusoma katikati ya neno.

Faili la .exe lina maagizo ya prosesa yenyewe. Kukompaili, kwa maana kamili, ni kuzigeuza amri zote kuwa maagizo hayo kabla programu haijaanza kuendeshwa. Kwa faili za bechi kazi hiyo iliwahi kufanyika kweli: mwanzoni mwa miaka ya 1990 jarida la Marekani PC Magazine lilitoa BAT2EXEC, iliyoandikwa na Douglas Boling, ambayo ilizalisha programu ndogo za aina ya .com. Faida ilionekana kwa macho, hasa penye amri za GOTO zinazorudiarudia, maana DOS haikulazimika tena kulisoma upya faili kutoka kwenye diski za polepole za wakati ule.

Lugha ya cmd.exe imekua sana tangu hapo, na ina tabia moja inayowashinda watengenezaji wa kompaila. Kabla ya kuuelewa mstari, cmd.exe kwanza huweka thamani za vibadilika mahali pake, na chochote kitakachopatikana ndicho husomwa kama amri. Mstari wenye neno %KAZI% peke yake unaweza kumaanisha kunakili leo na kufuta kesho, kutegemea alichoandika mtumiaji au kilichokutwa ndani ya faili jingine. Maana yake haijulikani mpaka muda wa kuutekeleza ufike. Kompaila kamili ingelazimika kubeba cmd.exe nzima tumboni.

Kwa hiyo vyombo vya leo vinavyojiita kompaila za bechi, kama Quick Batch File Compiler, Bat To Exe Converter na Advanced BAT to EXE Converter, kwa sehemu kubwa hufanya kazi ya kufungasha. Hati, yaani faili la bechi lenyewe, huwekwa ndani ya .exe kama barua ndani ya bahasha, mara nyingi ikiwa imebanwa au kufichwa kwa fumbo. Programu ikibofywa, kwa kawaida hati huandikwa kwenye folda ya muda, cmd.exe huitwa kuisoma, na mwishoni hufutwa. Kasi haiongezeki hata kidogo. Hupungua kwa muda ule wa kufungua mzigo.

Wengi hutafuta vyombo hivi ili kuficha hati, na hapo ndipo wanapojidanganya zaidi. Mradi cmd.exe ndiyo msomaji, mistari lazima iifikie ikiwa wazi. Mtu mwenye Process Monitor, chombo cha bure cha Microsoft, huona faili la muda linapoundwa na kulinakili kabla halijafutwa. Ufungashaji humzuia mtumiaji wa kawaida asiharibu mstari kwa bahati mbaya, na hilo lina thamani yake. Nenosiri la seva halipaswi kuwekwa humo kabisa.

Swali la kwanza la kuuliza kuhusu chombo chochote ni hati itajiona iko wapi. Fundi aliyezoea %~dp0, yaani folda ambamo hati imekaa, hushangaa kuona inataja folda ya muda badala ya folda ya .exe, na faili za jirani hazionekani tena. Chombo kizuri hutoa kibadilika chake chenye njia halisi. Vilevile kinapaswa kuvipitisha vigezo vinavyoandikwa baada ya jina la programu, na kurudisha namba ya matokeo ya hati, la sivyo ratiba ya usiku itaripoti kwamba kila kitu ni salama hata nakala rudufu isipofanyika.

Biti nazo si jambo dogo. Katika Windows ya biti 64, programu ya biti 32 inayotafuta folda ya System32 hupelekwa kimyakimya kwenye SysWOW64, na cmd.exe inayoamka huko ni ya biti 32. Hati inayoita bcdedit, chombo kinachokaa upande wa biti 64 tu, itajibiwa kwamba amri hiyo haijulikani, ingawa faili la .bat lenyewe lilikuwa likifanya kazi bila tatizo. Chombo kisichotoa toleo la biti 64 hakifai kwa kazi za usimamizi wa mfumo. Kuomba ruhusa ya msimamizi na kuficha dirisha jeusi ni mambo mepesi, na karibu vyombo vyote huyaweza.

Programu za kinga ya virusi ndizo huleta usumbufu mkubwa. Waandishi wa virusi hupenda ufungashaji huohuo, hivyo .exe isiyo na kosa lolote huweza kuzuiwa kwa kufanana tu na zile mbaya. Sahihi ya kidijitali husaidia, lakini cheti chake hununuliwa. Wengine hulijaribu faili kwenye VirusTotal, huduma ya mtandaoni ya kukagua virusi. Wakumbuke kwamba kinachopakiwa huko huweza kupakuliwa na wateja wanaolipia huduma hiyo.

Anayetaka faili moja tu la kugawa ana IExpress, inayokuja na Windows bila malipo. Huzifungasha hati na faili zake pamoja, na amri ya kuanzia huandikwa cmd /c ikifuatwa na jina la hati. Ina swichi zake yenyewe, kama /Q na /T, kwa hiyo haifai kwa hati inayosubiri vigezo. Penye haja hiyo, au ya ruhusa ya msimamizi, vyombo vya kununua au vya bure vilivyotajwa ni bora, mradi faili la asili la .bat lihifadhiwe mahali salama kwa marekebisho. Anayehitaji kasi au siri hatazipata kwenye chombo chochote kati ya hivi. Kazi yake iandikwe upya kwa lugha inayokompailiwa kweli, kama Go, bila kuiita cmd.exe ndani yake.