Kunasa Sauti ya Piano Nyumbani

Wengi wanaotaka kunasa sauti ya piano nyumbani huanza kwa kuuliza: Tununue mikro gani? Sisi twaona swali hilo ni la mwisho. Mbele yake kuna chumba, kuna piano yenyewe, na kuna mahali pa kusimamisha mikro. Tena jambo hili si mchezo. Mara nyingi sauti hiyo yatumwa kwa waimbaji walio mbali, nao hujifunza kwayo. Wakipokea noti za chini zilizovurugika, wataimba vibaya, na kosa si lao.

Yafaa kujua kwanza sauti yatoka wapi. Nyundo ndogo yagonga uzi, lakini uzi peke yake hausikiki mbali. Mtetemo wake wapita katika ubao mpana mwembamba, na ubao huo ndio unaosukuma hewa. Katika piano kubwa yenye mkia, ubao umelala chini ya nyuzi. Katika piano ya kusimama, iliyo katika nyumba nyingi, ubao uko nyuma, na watu wameuelekeza ukutani! Ndiyo sababu sauti yake ni ya kuzibwa, kama ya mtu asemaye chini ya blanketi. Basi isogezeni kadiri ya meta moja kutoka ukutani, wala msiiweke katika pembe ya chumba, kwani pembe huzidisha sauti nene.

Kuta tupu za saruji huirudisha sauti upesi, ikawa kama mtu anapigia piano ndani ya pipa. Tundikeni blanketi nzito, simamisheni godoro, au sogezeni kabati lililojaa vitabu. Lakini msifunike kila upande, maana chumba chafa, na piano nayo. Tena blanketi hukamata sauti nyembamba tu. Noti ya chini kabisa ya piano ina mitetemo 27.5 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa meta 12 na zaidi: kitambaa gani kitalizuia? Kwa sauti nene dawa ni kuhamisha piano au mikro.

Piano sherti ipatanishwe nyuzi kabla ya kazi. Unyevu wa masika huvimbisha ubao na kuharibu mapatano, na hakuna mashini itakayoyatengeneza vizuri baadaye. Pedali inayolia itiwe dawa, friji izimwe, na mvua ikipiga bati, tungojeeni. (Glenn Gould, aliponasa sauti mwaka 1955 kule New York, alivuma kwa koo huku akipiga, na santuri yake yapendwa hata leo. Lakini huyo ni Gould.)

Sasa mikro. Mtu mmoja apige, mwingine azibe sikio moja na kuzunguka piano polepole. Panapompendeza sikio lake, hapo asimamishe mikro. Kwa piano ya kusimama, fungueni kifuniko cha juu na kujaribu huko, kisha jaribuni nyuma, karibu na ubao. Mkiwa na mikro mbili, umbali kati yao uwe mara tatu ya umbali wa kila moja kutoka kwenye piano: zikiwa sentimeta 30 kutoka piano, ziachane sentimeta 90. Vinginevyo sauti moja yafika katika mikro hizo kwa nyakati mbili, na mawimbi hupunguzana. Sikilizeni zote mbili kwa kipaza-sauti kimoja. Sauti ikikonda, sogezeni mikro moja.

Kabla ya kunasa, pigeni kwanza mahali penye nguvu kuliko pote, na kipimo kibaki desibeli 6 hata 10 chini ya mwisho wake. Sauti iliyopasuka haishoneki. Anayetumia simu aizuie isijipandishe na kujishusha sauti yenyewe, kama programu yake yaruhusu, wala asiilaze juu ya piano: mtetemo wa mbao utaingia ndani yake.