Sahani Inayopima Maji kwa Kupotea

Je, wajua kwamba kipimo kimojawapo mashuhuri cha ubora wa maji hakina betri wala mshale? Ni sahani ya Secchi: bamba la duara lenye upana wa sentimeta 20 hadi 30, jeupe tupu au lenye robo nyeusi na nyeupe, lililofungwa kwenye kamba yenye alama za mita.

Mpimaji hulishusha upande wa mashua wenye kivuli. Likipotea machoni, husoma kamba. Kisha hulivuta hadi lionekane tena na kusoma mara ya pili. Wastani wa namba hizo mbili ndio kina cha mwonekano. Padri Angelo Secchi, mwanaastronomia wa Roma, alilijaribu mwaka 1865 katika Bahari ya Mediterania, akiwa kwenye meli ya Papa.

Mfano wa maji ambayo sahani hii imeyapima ni mjini Stockholm, ambako Ziwa Mälaren linamwagikia Bahari ya Baltiki. Zamani maji ya hapo yalichafuliwa na majitaka. Kuanzia miaka ya 1970, mitambo kama Henriksdal na Bromma iliondoa fosforasi, chakula cha mwani, kwa kutumia chumvi za chuma. Mwani ukapungua, sahani ikaonekana kwenye kina kirefu zaidi. Leo watu huogelea katikati ya jiji na kuvua samaki aina ya samoni karibu na kasri la mfalme.

Hata hivyo, sahani haisemi ni nini kilichoificha: udongo wa mashambani, mwani wa kiangazi, au rangi ya kahawia itokayo kwenye misitu. Kwa hiyo maji hupelekwa maabara, yakachujwa kwa karatasi ya nyuzi za kioo. Karatasi hukaushwa kwa nyuzijoto 105, kisha hupimwa. Uzito ulioongezeka, ukigawanywa kwa lita zilizochujwa, ndio kiasi cha chembe zinazoelea. Rangi ya msituni hupenya chujio. Hivyo maji meusi yanaweza kuwa na chembe chache, na maji maangavu yakawa na vijidudu.

Ukungu wa maji huwagusa pia samaki. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba katika maji machafu ya Ziwa Viktoria, majike wa samaki waitwao furu hushindwa kutofautisha rangi za madume. Hujamiiana na wa spishi nyingine, na aina zilizotengana huanza kuchanganyika.